Nyeusi Haifichi Kitu

Fundi aliyenifunza kubafu alikuwa na sheria moja: gari nyeusi haiguswi saa sita mchana. Bodi ikishika jua, kompaundi inakauka kabla haijafanya kazi, na mashine inaanza kula rangi. Nilikuwa na miaka 19. Kila asubuhi natoka Kibera, navuka Ngong Road kwa miguu hadi pale tulipokuwa tunaosha magari karibu na steji ya 56, Kawangware. Wateja wengi walishuka kutoka Lavington.

Nyanya yangu, Mnubi wa Makina ambaye mpaka leo anasema Kibra, yaani msitu, alikuwa akituambia gari nyeusi ikiingia mtaani ujue ni mwanasiasa ama ni msiba. Baada ya uhuru wa 1963, wakubwa walipanda Mercedes, na watu wakawabatiza WaBenzi kana kwamba ni kabila. Cha kuchekesha ni kwamba kule Marekani nyeusi ilianza kama rangi ya gari ya bei nafuu. Kati ya 1914 na 1925 Ford Model T ilitoka nyeusi tu, kwa sababu rangi hiyo ilikuwa rahisi na ngumu kuchakaa. Mwaka wa 1923 DuPont wakaleta Duco, rangi ya kupuliza inayokauka haraka, na rangi zingine zikapata nafasi. Nyeusi ikabaki ya wenye muda wa kuitunza, ama wenye mtu wa kuitunza. Huyo mtu ndiye mimi.

Gari nyeupe inakusamehe. Nyeusi, jua likiipiga, inaonyesha kila mkwaruzo wa kitambaa kichafu, miduara kama utando wa buibui. Na sisi maji tulinunua kwa mtungi, kwa hivyo ndoo moja iliosha magari matatu. Unaelewa? Asubuhi tunakwaruza, jioni tunalipwa kuondoa mikwaruzo.

Mashine haijazi mkwaruzo, inapunguza rangi iliyo kando yake mpaka pawe sawa. Rangi yote ya kiwandani, kuanzia praima, ni nyembamba, kama nywele mbili hivi, na kwenye kona za boneti ni nyembamba zaidi. Ndiyo maana kona hubandikwa tepu kwanza.

Siku hiyo sikubandika. Ilikuwa Toyota, ile nyeusi ambayo kibati chake kimeandikwa 202, laini kama siagi. Saa saba mchana, mwenyewe ana haraka. Nikasikia harufu kabla sijaona. Nilipoinua mashine, kona ya boneti ilikuwa ya kijivu, praima inanitazama.

"Kijana, hii ni nini?"

Sikuwa na jibu. Fundi ndiye aliyeongea, akaomba msamaha kwa niaba yangu, kisha akanikata doo ya miezi minne kulipia kupuliza boneti upya. Nyumbani nikasema kazi imepungua.

Mwaka uliofuata ile gari ilirudi. Mwenyewe hakunikumbuka. Nilimulika boneti kwa tochi ya simu na kuona weusi wake umezidi wa milango kidogo tu, kitu ambacho yeye hataona kamwe. Nikamwambia arudi saa kumi na moja jioni. Nikatafuta tepu.