Mraibu Asiyeyumba: Tunapimaje Uraibu wa Pombe Mbarara na Nakivale?

Dai linalorudiwa sana katika mijadala ya afya ya akili ya wakimbizi ni kwamba mkimbizi hunywa kwa sababu ya kiwewe, basi kiwewe kikitibiwa pombe nayo itamtoka. Kwa Nakivale, makazi ya wilaya ya Isingiro wanamoishi Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali, dai hilo lina mvuto wa pekee. Ni huko huko ambako Frank Neuner na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2008 uliohusu wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia, walionyesha kwamba washauri wasio wanasaikolojia wanaweza kufundishwa kutibu kiwewe. Utafiti huo siupingi. Ninapinga kuubebesha mzigo usio wake. Tena dai lenyewe linaegemea dhana ambayo hata wapinzani wake hawaihoji, kwamba mraibu hujulikana kwa macho: ni yule anayeyumba njiani, anayepiga mke, anayelala nje ya kilabu cha tonto, pombe ya ndizi. Asiyeonekana hivyo huhesabiwa mnywaji wa kawaida, na akisema hanywi kabisa, husadikiwa.

Ushahidi wa kuivunja dhana hiyo umetoka Mbarara, mwendo mfupi tu kutoka Nakivale. Mwaka 2012 Judith Hahn na wenzake walichapisha utafiti wa watu 77 wanaoishi na VVU mjini humo. Kwa majuma matatu watu hao walihojiwa na kupimwa pumzi, kisha damu yao ikachunguzwa kutafuta fosfatidiletanoli, kemikali inayojengeka katika utando wa seli nyekundu pale tu pombe inapokuwepo mwilini, na ambayo hubaki kwa majuma kadhaa. Kipimo hicho kilithibitika kuwa cha kutegemewa. Tafiti zilizofuata Mbarara, ukiwemo wa Francis Bajunirwe na wenzake, zikafichua jambo zito zaidi: wapo wagonjwa waliosema hawakunywa, na damu ikasema walikunywa. Mgonjwa aliyeambiwa kwamba pombe na ARV haviendi pamoja ana kila sababu ya kumpa mhudumu jibu analotaka kulisikia. Kwa hiyo uchunguzi wa kitaifa wa 2014, uliokuta takriban mtu mzima mmoja kati ya kumi nchini Uganda ana tatizo la unywaji, usomwe kama kiwango cha chini, maana ulitegemea kauli za watu.

Itasemwa kwamba damu hupima unywaji, haipimi uraibu, na kwamba wagonjwa wa Mbarara si wakimbizi. La kwanza ni kweli, ila halimwokoi anayetegemea macho. Mwili uliozoea pombe huhitaji nyingi zaidi ili ulewe, na mraibu wa miaka mingi aweza kunywa waragi, pombe kali ya Uganda, asubuhi akaenda shambani akiwa mtulivu kuliko kijana aliyeonja jana. Utulivu wake ndio dalili yenyewe. Kuhusu la pili, mkimbizi ana sababu nyingi zaidi za kuficha: mchungaji, shehe, jirani wa kabila jingine, na hofu, iwe na msingi au isiwe nao, kwamba jina lake litaguswa kwenye orodha ya msaada.

Gharama ya kutomwona mtu huyu huonekana anapolazwa kwa malaria au kuvunjika mguu. Pombe inakatika ghafla. Ndani ya siku moja hadi tatu anatetemeka, anatoka jasho, pengine anapata degedege, kisha anaweweseka na kuona visivyokuwepo. Ndugu husema ni mapepo, mhudumu hudhani malaria imepanda kichwani, na wote wanaweza kumpoteza, kwani hali hiyo huua. Ushauri wa “acha leo hii”, unaotolewa kwa nia njema makanisani na majumbani, kwa mraibu mkubwa ni wa hatari bila uangalizi wa tiba. Uganda ilipiga marufuku pombe ya vifuko mwaka 2019, hatua ninayoiunga mkono, lakini marufuku hayatambui aliye kitandani.

Vituo vya afya vya Nakivale vimuulize kila anayelazwa alikunywa lini mara ya mwisho, faraghani, kwa lugha yake, na bila mkalimani wa ukoo. Na diazepamu na vitamini B1, vinavyotumika kutibu hali hiyo ya kukatika pombe, viwepo kabla jibu halijapatikana.