Uionishaji kwa leza

Moshi wa tanuri la kuchomea taka umejaa naitrojeni, oksijeni, mvuke wa maji na kaboni dioksidi. Humo humo kuna dioksini, sumu iliyowaletea vipele vibaya watoto wa Seveso, Italia, baada ya ajali ya kiwandani ya mwaka 1976. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha nanogramu 0.1 za dioksini na jamaa zake furani, zikihesabiwa kwa makali yake, katika kila mita moja ya ujazo ya moshi. Nanogramu ni gramu iliyogawanywa kwa bilioni. Kwa njia iliyozoeleka, moshi hukusanywa kwa saa kadhaa, sampuli ikasafishwa maabarani, na majibu yakangojwa siku nyingi.

Njia ya haraka zaidi ni spektrometria ya tungamo kwa uionishaji wa leza. Jina ni refu, tulifungue.

Tungamo ni wingi wa maada. Wanaoandika “uzito” wanapotosha, maana uzito ni nguvu ya mvutano wa dunia, na hapa hakuna mizani. Ioni, yaani molekuli zenye chaji ya umeme, husukumwa kwa umeme zipite katika bomba lisilo na hewa, zote zikiwa na nishati sawa. Zenye tungamo dogo hutangulia kufika, na muda wa safari ndio unaotaja tungamo.

Kuionisha molekuli ni kuinyang’anya elektroni. Kwa mfano, benzeni huhitaji nishati ya elektroni-volti 9.24 ili iachie yake. Oksijeni huhitaji 12.1, naitrojeni 15.6. Fotoni moja ya mwanga wa urujuanimno wenye urefu wa wimbi wa nanomita 259 hubeba 4.8 hivi. Benzeni huifyonza ya kwanza, ikachangamka, na ya pili humalizia kazi. Gesi za hewa hubaki kama zilivyo, kwa kuwa fotoni mbili hazizitoshi. Uchaguzi umekwisha fanyika kabla ya kupima! Kwa hiyo anayefupisha istilahi hii asiliguse neno leza.

Kwa dioksini, shida ni klorini iliyomo ndani yake. Kila atomu ya klorini inayoongezeka huifupishia molekuli muda wa kubaki imechangamka, fotoni ya pili ikaja kuchelewa. Totaro Imasaka wa Chuo Kikuu cha Kyushu, Japani, alikabili hilo kwa mipigo ya leza ya femtosekunde, mifupi mno hata fotoni zote mbili zikawahi.

Nchini Ujerumani, miaka ya 1990, watafiti walishika njia nyingine: walipima monoklorobenzeni, iliyo nyingi zaidi moshini na inayopanda na kushuka pamoja na dioksini, wakapata majibu papo hapo kwenye bomba la moshi. Kipimo cha aina hiyo napendekeza tukiite kiashirio. Ripoti inayokiita “kipimo cha dioksini” inawaahidi majirani wa tanuri jambo ambalo mashine haikulipima.