Ubavuni mwa Fundi

Eti ufundi hujifunzwa utotoni? Mimi nabisha. Edward Said Tingatinga, mtu wa Tunduru, alikuja Dar es Salaam akawa mtumishi wa nyumbani. Alipoanza kuchora, 1968, alishavuka miaka thelathini. Vifaa vyake: hadibodi na rangi ya baiskeli. Ndugu na jamaa wakaja kukaa ubavuni mwake, wakiiga mkono wake mpaka nao wakawa wachoraji.

Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi, akafa. Kazi haikufa, maana ilishahamia mikononi mwa wanafunzi. Mwaka 1990 wakawa na ushirika wao.

Nimeishia kidato cha nne, nina miaka 26, nataka kuandika riwaya. Ndugu msomaji, usiniambie nimechelewa. Nionyeshe fundi alipo.