Sarafu Ndani ya Kanda: Pink Floyd Kabla na Baada ya 1973

Mwishoni mwa 1966, pale klabu ya UFO jijini London, Pink Floyd walikuwa bendi ya kukesha nayo. Kipande cha ala tupu kilirefushwa kadiri wapigaji walivyotaka, huku taa za rangi zikiwamwagikia hata sura zao zisitambulike. Aliyewaongoza ni Syd Barrett, mpiga gitaa na mtunzi. Wenzake watatu, Roger Waters, Nick Mason na Richard Wright, walikuwa wamekutana wakisomea usanifu majengo.

Barrett huyohuyo ndiye aliyewatungia nyimbo fupi za redioni. “See Emily Play” ilipanda hadi nafasi ya 6 Uingereza mwaka 1967. Kwa hiyo simulizi kwamba bendi hii ilianza na majaribio ikaishia sokoni ina walakini. Vyote viwili vilikuwamo tangu mwanzo, ila havikukaa katika wimbo mmoja.

Mwaka 1968 Barrett aliondoka, afya yake ya akili ikiwa imezorota, na David Gilmour akashika gitaa. Ikafuata miaka ya kupapasa. Katika albamu ya Ummagumma (1969) kila mmoja alipewa sehemu yake ajifanyie atakalo. Kwa sikio langu, hiyo ni kazi ya kuvumiliwa. Mwanga ulionekana 1971 kwenye “Echoes”. Wimbo huo wa dakika 23 unaanza na noti moja tu ya piano, lakini ndani yake mna sauti tamu mtu anayoweza kuondoka nayo kinywani.

Albamu ya The Dark Side of the Moon ilipigwa jukwaani kuanzia Januari 1972, zaidi ya mwaka mzima kabla ya kutoka Machi 1973. Safari hii maneno yote yaliandikwa na Waters, na aliandika waziwazi: muda, fedha, kifo, wazimu. Majaribio hayakutupwa. Kwa ajili ya “Money” walirekodi sarafu zikilia, karatasi ikichanwa na mashine ya kuhesabia mauzo, wakakata kanda vipande vya urefu sawa na kuviunga duara, mapigo saba badala ya manne yaliyozoeleka. Wimbo huo wa kuikejeli fedha ndio uliowafungulia redio za Marekani, ukafika nafasi ya 13. Clare Torry, aliyeimba bila neno hata moja katika “The Great Gig in the Sky”, alilipwa pauni 30. Ilibidi aende mahakamani ndipo, mwaka 2005, yakafikiwa maridhiano na jina lake likaingia kama mtunzi mwenza.

Marekani albamu hiyo ilishika namba moja kwa wiki moja tu, lakini kufikia 1988 ilikuwa imekaa wiki 741 katika orodha ya albamu 200 bora.

Maonyesho ya viwanja vikubwa yaliyofuata mafanikio hayo yalimchosha Waters. Montreal, Julai 1977, alimtemea mate shabiki, na aibu hiyo ikazaa albamu ya The Wall (1979). “Another Brick in the Wall”, yenye mdundo wa disko na kwaya ya wanafunzi wa London, ilishika namba moja Uingereza na Marekani. Mwaka 1980 serikali ya makaburu, Afrika Kusini, iliupiga marufuku baada ya wanafunzi waliogomea elimu duni kuufanya wimbo wao.