Wino wa imprimante unaenda wapi?

Kartushi ni kijisanduku cha wino ndani ya imprimante. Hapa Likasi watu wengi wananunua ingine hata kama karatasi walizotoa ni kidogo tu.

Sehemu ya wino haifiki kwenye karatasi. Wino unapita katika matundu madogo kuliko unene wa unywele. Ukikaukia pale, mashine inajisafisha kwa wino uleule na kuumwaga ndani ya sponji. Ukizima kwa kitufe, matundu yanafunikwa. Lakini umeme ukikatika katikati ya kazi, yanabaki wazi na kukauka. Ukirudi, mara nyingi usafi unaanza upya.

Kuko pia chipu inayohesabu wino. Ikisema rangi moja imeisha, mashine nyingi zinakataa kuchapa hata nyeusi. Kartushi iliyojazwa tena nayo inaweza kukataliwa.

Kama unachapa mara mojamoja, bora duka la fotokopi. Kama ni kila siku, tafuta mashine ya matangi, yenye kujazwa kwa chupa, ama ya leza: poda yake haikauki, lakini inakula umeme mwingi, jenereta ndogo inaweza kushindwa. Na siku zote, zima kwa kitufe mbele ya kuchomoa waya.