Nani Humlaza Mgonjwa wa Akili?

Tutazame kwanza kitenzi kimoja. Kutokana na *lala*, kauli ya kutendesha hutupa *laza*, na kauli ya kutendwa hutupa *lazwa*. Anayelazwa hospitalini ni mtendwa. Yuko mwingine anayemlaza. Kwa wagonjwa wengi jambo hilo ni la sarufi tu. Kwa mtu mwenye ugonjwa mkali wa akili, limekuwa pia suala la sheria na la heshima yake.

Nchini Uganda, historia hii ilianzia gerezani. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliwaweka wagonjwa wa akili katika gereza la Hoima (usiuchanganye mji huo wa Bunyoro na Hima yetu ya Kasese). Katika miaka ya 1930 walihamishiwa kilima cha Mulago, na mwaka 1955 ikafunguliwa hospitali ya Butabika, Kampala. Majengo yalibadilika upesi kuliko sheria. Sheria ya Matibabu ya Akili ya mwaka 1938, iliyorekebishwa mwaka 1964, ilimtazama mgonjwa kama mtu wa kuletwa: taarifa ilifikishwa kwa hakimu, madaktari wakampima, amri ikatolewa. Haikumtenga waziwazi anayeletwa kwa amri na yule aliyehisi dhoruba inakaribia, akaja mwenyewe kuomba msaada.

Majirani walitutangulia. Kenya iliandika habari za mgonjwa wa hiari katika Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989. Uingereza, iliyotutawala, ilikuwa imefungua mlango huo tangu sheria yake ya mwaka 1930. Uganda ilingoja hadi Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018, iliyofuta ile ya zamani na kumtambua mgonjwa anayeingia kwa hiari yake.

Hata hivyo, hiari ina mipaka. Mgonjwa wa hiari huomba. Daktari ndiye huamua. Akiambiwa, "Bado hujazidiwa, rudi nyumbani," hana budi kurudi. Wengi hujifunza hivyo kwamba ni lazima wazidiwe kwanza ndipo wasadikiwe. Huko Norway, kituo cha afya ya akili cha Jæren kilijaribu njia nyingine mwaka 2005. Mgonjwa anayejulikana na kituo hufanya mapatano na watabibu wake wakati ametulia. Baadaye, akiona dalili zake, hupiga simu na kuja kukaa siku chache, bila kumshawishi daktari kwanza. Utaratibu huo umeenea katika nchi jirani za Skandinavia.

Wapo walioogopa kwamba vitanda vingejaa watu wasiotaka kuondoka. Hofu hiyo haikutimia. Ni kweli kwamba taarifa za mwanzo zilileta matumaini makubwa kuliko baadhi ya tafiti za baadaye, zilizopima kwa ukali zaidi kama siku za kulazwa zinapungua. Lakini wagonjwa wenyewe wamesema mara nyingi kwamba kujua kitanda kipo huwapa utulivu, hata wasipokitumia. Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayeishi na maradhi miaka kumi huzijua dalili zake mapema kuliko jirani, na pengine kuliko daktari.

Je, jambo hili linatuhusu sisi wa Hima na Bwera? Linatuhusu sana. Butabika ina nafasi rasmi ya vitanda 550, na mara nyingi wagonjwa huzidi idadi hiyo. Kutoka Hima hadi huko ni zaidi ya kilomita 300. Mtu anayeanza kukosa usingizi na kusikia sauti hawezi kufunga safari hiyo peke yake; akichelewa, atasafirishwa na wengine, huenda akiwa amefungwa kamba. Haki iliyo mbali kiasi hicho humfaa tu mwenye nauli na mwenye wa kumsindikiza. Kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya Fort Portal kiko karibu zaidi. Ikiwa huko, au katika hospitali ya Bwera, vingetengwa vitanda viwili au vitatu kwa wagonjwa waliokwisha kufanya mapatano na wauguzi wao, hiari iliyoandikwa mwaka 2018 ingepata mahali pa kulala.

Lugha nayo ina kazi yake. Neno *mwendawazimu* limebeba imani ya kale kwamba mtu huyo huongozwa na mizimu. Aongozwaye na mizimu haulizwi anataka nini. Tukisema *mtu mwenye ugonjwa wa akili*, tunamtaja mtu kwanza, na mtu huulizwa.

Zoezi: andika aya moja ukitumia *alilazwa*, kisha aya nyingine ukitumia *aliomba kitanda*. Eleza ni nani mtenda katika kila aya, na ni ipi kati ya hizo ungependa iandikwe kuhusu ndugu yako.