Ulinzi wa Bunge la Marekani: Mvutano wa fedha na maana yake

Tarehe 20 Mei mwaka 2021, Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipiga kura juu ya dola bilioni 1.9 za kuimarisha ulinzi wa jengo lake lenyewe, Capitol, mjini Washington. Waliounga mkono walikuwa 213. Waliopinga walikuwa 212. Miezi minne tu kabla ya hapo, tarehe 6 Januari, wabunge wa vyama vyote viwili walikuwa wametolewa mbio katika ukumbi huo huo, wakati wafuasi wa Rais Donald Trump walipovunja madirisha na kuingia ndani.

Ilikuwaje basi watu waliokimbia hatari moja wakashindwa kuafikiana juu ya kufuli la mlango wao?

Tukio kwanza, fedha baadaye

Mwaka 1801 jengo hilo lilikuwa na mlinzi mmoja tu, John Golding, asiyekuwa hata na mamlaka ya kumkamata mtu. Mwezi Aprili mwaka 1828 mwandishi wa gazeti alimshambulia ndani ya Capitol mtoto wa Rais John Quincy Adams, aliyekuwa amepeleka ujumbe wa baba yake. Mwaka huo huo polisi wa Bunge wakapewa mamlaka yao kisheria.

Tangu hapo ikawa ndiyo desturi. Wamarekani walijivunia kwamba mwananchi huingia katika nyumba ya wawakilishi wake bila kubisha hodi, na kila kizuizi kilisubiri msiba. Tarehe 1 Machi mwaka 1954, wanaharakati wanne waliodai uhuru wa Puerto Rico walifyatua risasi kutoka roshani ya wageni na kuwajeruhi wabunge watano. Mwaka 1983 bomu lililipuka karibu na ukumbi wa Senate. Mwezi Julai mwaka 1998 mtu mwenye bunduki aliwaua polisi wawili ndani ya jengo.

Wiki mbili baada ya mauaji hayo, balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam zililipuliwa. Sheria moja ya matumizi, iliyopitishwa Oktoba mwaka huo, ilitenga fedha za kuimarisha ulinzi wa balozi na pia dola milioni 100 za kuanzia ujenzi wa kituo cha wageni chini ya ardhi, ambamo kila anayeingia Capitol angekaguliwa. Kituo kilifunguliwa Desemba mwaka 2008, kikiwa kimegharimu dola milioni 621.

Kura ya Mei 2021

Baada ya uvamizi wa Januari, Capitol ilizungushiwa uzio wa chuma na kulindwa na maelfu ya wanajeshi wa kikosi cha Ulinzi wa Taifa. Jopo lililoongozwa na Jenerali mstaafu Russel Honoré lilipendekeza kuongezwa kwa nafasi 854 za kazi katika polisi wa Bunge, pamoja na kuundwa kwa kikosi cha kukabili dharura kwa haraka.

Wabunge wote wa Republican waliopiga kura walikataa, wakilalamikia gharama na haraka ya muswada huo. Upande wa pili, wabunge watatu wa Democratic nao walikataa na wengine watatu hawakuegemea upande wowote. Kwao haikufaa kuwaongezea polisi fedha kabla ya kujulikana kwa nini ulinzi ulishindwa.

Siku moja kabla, Baraza hilo lilikuwa limeidhinisha tume huru ya kuchunguza uvamizi, kwa kura 252 dhidi ya 175. Tarehe 28 Mei, maseneta wa Republican wakaizuia.

Wahenga walinena, usipoziba ufa utajenga ukuta. Washington wote waliuona ukuta. Walichogombania ni ufa ulikuwa wapi.

Njia ya maafikiano

Hatimaye mfuko mtupu ndio uliowakutanisha. Fedha za mishahara ya polisi zilikuwa zikielekea kumalizika kwa sababu ya saa za ziada, na kikosi cha Ulinzi wa Taifa kilikuwa kikidai dola milioni 521. Tarehe 29 Julai Senate ilipitisha dola bilioni 2.1 kwa kura 98 bila ya pingamizi, na Baraza la Wawakilishi likaafiki siku hiyo hiyo. Lakini zaidi ya nusu ya fedha hizo zilikuwa za kuwasaidia Waafghanistan waliofanya kazi na Wamarekani, na kikosi cha dharura hakikuwamo.

Desemba mwaka huo sheria nyingine ilirekebisha kasoro iliyogharimu muda mwingi siku ya uvamizi. Hadi wakati huo, mkuu wa polisi hakuweza kuomba askari wa Ulinzi wa Taifa bila ya idhini ya bodi ya maafisa wa Bunge. Sasa akaruhusiwa kuomba mwenyewe.

Mvutano wenyewe haukwisha. Mitambo ya kugundua vyuma, iliyowekwa Januari 2021 kwenye milango ya ukumbi, iliwataka wabunge nao wakaguliwe kama wageni, na aliyekaidi alitozwa faini ya dola 5,000 kwa mara ya kwanza. Kwa Wademocratic hiyo ilikuwa tahadhari. Kwa Warepublican wengi ilikuwa shutuma. Tarehe 3 Januari mwaka 2023, siku Warepublican walipochukua tena uongozi wa Baraza hilo, mitambo iliondolewa.